Msitu wa Kongo na Kalamu za Wageni



Sisi makarani twajua ya kuwa mtu akisha kuandikwa vibaya katika faili, maneno yale humtangulia kila aendako, wala hapati nafasi ya kuyajibu. Nchi nayo yaweza kuandikwa vivyo hivyo. Mfano wetu ni msitu mkubwa wa Kongo.

H. M. Stanley alitoa vitabu viwili, mwaka 1878 na mwaka 1890, na vyote viwili viliitaja Afrika kwa jina la giza tangu juu ya jalada. Joseph Conrad, aliyepanda mto Kongo kwa stima mwaka 1890, alitoa hadithi yake mwaka 1899, nayo jina lake ni la giza. Tusimdhulumu; aliulaumu uroho wa Wazungu wenzake. Lakini wenyeji wa msitu katika hadithi ile ni kama hawana kauli, na Chinua Achebe wa Nigeria alililaumu jambo hilo mwaka 1975. Naye Hergé, aliyechora safari ya Tintin huko Kongo mwaka 1930 na 1931, alikuwa hajaikanyaga nchi ile.

Je, hayo ni maneno ya vitabu tu? Sivyo. Mahali palipokwisha kuitwa giza, ni nani atakayeshangaa akisikia watu wamekatwa mikono kwa ajili ya mpira? Ndivyo ilivyokuwa katika dola ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1904 ikatolewa taarifa ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, na ndani yake wenyeji wenyewe walitoa ushahidi. Ilikuwa karatasi ya ofisi tu, lakini ilisaidia kuiondoa Kongo mikononi mwa mfalme yule mwaka 1908.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Neno “washenzi” halikutoka Ulaya. Ni la Kiswahili chetu, na watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara. Hata leo twawaita Wambuti wa Ituri “watu wa porini”, bila kujua ya kuwa huwinda kwa nyavu, jamaa pamoja, na kubadilishana nyama kwa mazao ya majirani wao wakulima.

Basi, ndugu, tusomapo habari za watu, tuulize: wao wenyewe wamesema wapi? Na tushikapo kalamu kuandika faili la mtu, tumsikilize yeye kwanza.