Asilimia ya Kura na Ridhaa ya Wananchi

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya uchaguzi. Mimi ni mtumishi wa serikali, kwa hiyo sikuja hapa kumsifu wala kumlaumu mtu. Nimekuja na hesabu tu, tena hesabu ya kugawanya, ambayo kila kidato cha kwanza anaiweza.

Tulipokuwa kidato cha tatu, kura za kiranja mkuu zilihesabiwa ubaoni, na mshindi akamzidi mwenzake kwa kura 11. Rafiki zake wakaanza kutamba. Yeye akaenda kwa mwalimu wa nidhamu akaomba yule aliyeshindwa awe kiranja wa bwalo. Maharage hayakubadilika hata kidogo, lakini manung'uniko yalipungua. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi, maana lilinifundisha kwamba kushinda ni kitu kimoja, na kupewa ridhaa ya kuongoza ni kitu kingine. Sheria hutuambia nani ameshinda. Katiba yetu, tangu mabadiliko ya mwaka 2000, humtambua mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata asipofika nusu. Lakini ridhaa hapana budi tuitafute wenyewe, kwa kuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: asilimia hiyo ni ya watu wangapi? Mwaka 2005 Ndugu Jakaya Kikwete alipata kura 9,123,952, yaani asilimia 80 ya kura halali. Mwaka 2010 alipata kura 5,276,827, karibu asilimia 63, naye Dk. Willibrod Slaa aliyemfuata akapata asilimia 27. Huo bado ni ushindi mkubwa. Lakini daftari la wapiga kura la 2010 lilikuwa na majina zaidi ya milioni 20, na waliojitokeza hawakufika milioni 9. Gawanyeni, mtaona kwamba mwaka 2005 zaidi ya nusu ya wote walioandikishwa walimpa kura, na mwaka 2010 ni kama mmoja tu katika kila wanne. Wale wengi waliobaki nyumbani hawakusema ndiyo, wala hawakusema hapana. Kiongozi mwenye busara hujiuliza kwa nini walinyamaza.

Hata sisi tuliokwenda vituoni hatukusema neno moja tu. Mwaka huo huo jimbo la Muhambwe huko Kibondo, na majimbo ya Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini, yalipeleka Bungeni wabunge wa NCCR-Mageuzi. Nchi ilimpata Rais wa chama kimoja, nasi huku milimani tukapeleka wabunge wa chama kingine. Ridhaa, basi, si gunia linalofungwa mdomo na kukabidhiwa mtu mmoja na vyote vilivyomo.

Swali la pili: mshindi alishindana na nani? Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipata kura 1,127,978, na mpinzani wake, Zuberi Mtemvu, kura 21,276. Hiyo ni asilimia 98, na mtu wa pili alikuwapo kwenye karatasi. Kuanzia 1965 hadi 1990 mgombea urais alikuwa mmoja, na wazee wetu walichagua kati ya picha yake na kivuli. Kila mara asilimia ilizidi 90. Lakini kwa wabunge palikuwa na jembe na nyumba, watu wawili wa chama kile kile, na mwaka 1965 hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Kumbe wananchi walikuwa na la kusema, mradi wawekewe wawili wa kuchagua.

Tazameni na jirani zetu wa Kenya. Agosti 2017 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 54, Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi. Uliporudiwa Oktoba, Raila Odinga alijitoa, na Kenyatta akapata asilimia 98 huku waliopiga kura wakiwa chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa. Je, Wakenya walimpenda maradufu katika miezi miwili? La hasha. Namba ilipanda, ridhaa haikupanda nayo.

Na kwetu, katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa kupata karibu asilimia 98. Vyama vingine vilikuwamo, lakini CHADEMA na ACT-Wazalendo havikuwa na mgombea kwenye karatasi hiyo. Siku ile ile vurugu zilizuka na watu wakapoteza maisha, hata ikaundwa Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nasema tu kwamba 98 ya 1962 na 98 ya 2025 huandikwa kwa tarakimu zile zile, lakini hazisomeki namna moja.

Swali la tatu, nalo ni zito kuliko yote: aliyeshindwa amekubali? Zanzibar mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad kwa kura 1,565. Upande wa pili haukukubali, na Visiwa vikaingia katika mgogoro wa miaka mingi, na mwaka 2001 watu wakauawa. Mwaka 2010 tofauti ilikuwa ndogo vile vile, kura 3,471, safari hii kati ya Dk. Ali Mohamed Shein na Maalim Seif. Lakini Julai ya mwaka huo Wazanzibari walikuwa wamekwisha kupiga kura ya maoni kukubali serikali ya umoja wa kitaifa. Dk. Shein akawa Rais, Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Pengo lilikuwa jembamba mara zote mbili. Kilichobadilika ni mapatano yaliyotangulia, kwamba atakayeshindwa hatatupwa nje.

Wenzangu wa rika langu hamhitaji mfano wa mwisho, maana tuliuona kwa macho yetu. Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa Rais wa Burundi kwa asilimia 65, akamwacha mbali Meja Pierre Buyoya, ambaye alikubali na kukabidhi madaraka. Lakini wenye bunduki hawakukubali. Oktoba 21 Ndadaye akauawa, na tukiwa shule ya msingi tukaona barabara za Kibondo na Kasulu zimejaa akina mama wenye watoto mgongoni na magodoro kichwani. Mwaka 2015, uchaguzi mwingine wa Burundi ulipogombaniwa, wakaja tena, wakapokelewa Nyarugusu na Nduta. Watu wa Buha hatukujifunza kitabuni kwamba kura isiyokubaliwa huvuka mpaka kwa miguu.

Wadogo zangu, wengi wenu mtapiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2030. Mkisikia asilimia ikitangazwa, msishangilie wala msinune kabla hamjauliza: ya wangapi, dhidi ya nani, na je, aliyeshindwa amekubali? Na mkishinda ninyi, hata kama ni ukiranja tu, kumbukeni kwamba ushindi mlipewa na waliowachagua, lakini utulivu wa kuongoza mtapewa na wale ambao hawakuwachagua. Nendeni mkawaombe.