Taa ya LED ya Darini

Mwanga wa taa ya LED hupimwa kwa lumeni, si kwa wati. LED ya wati 9 hukaribia mwanga wa globu ya zamani ya wati 60. Sebuleni hufaa mwanga wa njano, jikoni, mweupe.

Kabla ya kufunga, swichi kuu ya nyumba huzimwa. Swichi ya ukutani haitoshi. Wakati mwingine fundi aliipitishia nyutro, kosa la kizembe, na waya wa moto ukabaki na umeme darini. Kwa hiyo swichi kuu huzimwa, kisha nyaya hupimwa kwa testa. Kahawia ni moto, bluu ni nyutro. Katika nyumba za zamani, nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro.

Msikilizaji, zima swichi kuu kwanza. Ukiwa na shaka, mwite fundi umeme mwenye leseni.