Wekeni Mzigo Chini

Neno letu la leo ni Waebrania 12:1, ambapo mwandishi anatusihi tuondoe kila kinachotulemea, ili tuweze kukimbia bila kukata tamaa.

Siku moja nilialikwa kusema na wanafunzi wa sekondari hapa Garsen. Baada ya ibada kijana mmoja alinionyesha daftari lake. Alikuwa amechora gari dogo lenye paneli za sola juu ya paa. "Mchungaji," akasema, "Mto Tana ukifurika, barabara hukatika na petroli haifiki. Lakini jua linarudi. Gari hili litawachukua wagonjwa kutoka kijijini mpaka penye mtumbwi." Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, pita mtihani kwanza." Akalifunga daftari, akaenda zake.

Ndugu zangu, kicheko kile kilinirudia. Baadaye nilisoma kwamba tangu mwaka 1993 uko mpango huko Texas, Marekani, unaowafundisha wanafunzi wa sekondari kubuni na kuunda magari ya jua, kisha kuyashindanisha. Na hapa jirani, Kampala, mwaka 2016 lilionyeshwa basi la Kayoola, la abiria 35, lenye paneli za sola juu ya paa. Kazi hiyo chanzo chake ni wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Gari la namna hii huendaje? Paneli hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, umeme huwekwa katika betri, na betri huzungusha mota. Lakini nguvu yenyewe ni chache. Paneli ya meta mbili za mraba, katika jua kali la adhuhuri, hutoa kama wati 400. Birika la umeme la kuchemshia chai hutaka kama wati 2,000! Basi vijana wale hufanya nini? Jua hawawezi kuliongeza. Hupunguza uzito. Kila kipande hupimwa, na kisicho cha lazima huachwa chini.

Hapo nikalielewa Neno. Katika Mathayo 5:45 Bwana anatufundisha kwamba Mungu huwaangazia jua watu wote, wema na wabaya. Huku kwetu linamwangazia Mpokomo shambani na Mworma nyuma ya ng'ombe wake. Jua hatukunyimwa. Tumelemewa. Mwaka 2012 hadi mwanzo wa 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii, mkulima na mfugaji wakipigana. Watoto wa pande zote mbili leo wanaketi benchi moja, lakini sisi wazazi tungali tunawatwika chuki zetu. Na mimi mchungaji nilimtwika kijana dharau yangu.

Nilirudi shuleni, nikamwomba msamaha mbele ya wenzake. Hakusema mengi. Alifungua daftari, akanionyesha ukurasa mpya alioandika uzito wa kila kitu. Nimeahidi kumtafutia betri.

Msikilizaji mpenzi, wewe umebeba nini? Umemtwika nani? Kiweke chini leo.

Tuombe. Ee Bwana, utuondolee chuki na dharau, tusiwe mzigo kwa watoto wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.