Kariakoo, na Sisi Tuliohesabiwa Huku



Nimeombwa niseme machache kuhusu Kariakoo, maana wengi wetu humu ukumbini ndiko tulikoanzia maisha ya mjini.

Jina lenyewe ni la wabeba mizigo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliandikisha wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu, kikosi wakakiita Carrier Corps. Kambi ilikuwa pale. Midomo yetu ikaifanya Kariakoo. (Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo.) Baada ya vita pakawa makazi ya Waafrika, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwatenga na Uhindini. Tazameni mitaa: Nyamwezi, Congo, Pemba, Swahili. Nyumba zilikuwa za vyumba sita, ukumbi katikati, jiko uani. Mtu akitoka bara alimtafuta kwanza mtu wa kwao, akapewa mkeka kabla hajapata kibarua. Vyama vya kusaidiana na kuzikana vilitokana na hali hiyo, na umoja wetu huu ni mjukuu wao.

Soko kubwa, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, likaungua Julai 2021. Nyumba za uani nazo zimepisha maghorofa.

Sasa hesabu, ndiyo kazi yangu. Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam watu 4,364,541. Ya 2022, 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, na sisi tumo. Sensa humhesabu mtu alikolala usiku ule. Kwa hiyo umati wa Kariakoo wa mchana hauonekani Kariakoo, umesambaa Mbagala na Gongo la Mboto. Na nyumbani hatuonekani kabisa. Tunahesabiwa huku, tunazikwa kule. Mipango ya zahanati na madarasa huangalia idadi ya watu, na sisi tumeipunguza.

Wodi ya wazazi kule kwetu imefika kwenye lenta. Imesimama. Kinamama bado wanapandishwa bodaboda usiku kwenda kujifungulia mbali. Kinachotakiwa ni mbao, bati na fundi. Ahadi za mwaka jana ambazo hazijalipwa zingetosha kuanza, nasema hivyo kwa heshima zote.

Mhazini yuko meza ya mlangoni. Ukitoa, dai risiti.