Amana ya Mgonjwa



Mmetutaka tuseme machache juu ya wauguzi waingiao majumbani, hapa Kombani na vijiji vya jirani, kuwatazama wazee na wagonjwa waliolala kitandani muda mrefu. Tutasema mambo mawili: neno ambalo muuguzi hana budi kulificha, na neno ambalo hana budi kulisema.

La kwanza ni siri. Muuguzi huingia chumba ambacho hata jirani wa miaka mingi hakiingii. Huona kidonda, husikia kilio, huzijua dawa zilizo chini ya mto. Yote hayo ni amana. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yasema kuwa habari za mgonjwa ni siri, wala hazitolewi ila mwenyewe aridhie kwa maandishi, au mahakama au sheria nyingine iamuru, au kuzificha kuwe hatari kubwa kwa afya ya watu wote. Wazee wetu wajua jinsi jina la maradhi liwezavyo kumtenga mtu. Zamani Msambweni palikuwa na makao ya wagonjwa wa ukoma. Siku hizi ukoma unaponywa kwa dawa. Ulimi wa watu ndio bado.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Mwanachama alipoomba msaada wa matibabu, tulizoea kumwuliza mbele ya mkutano: "Mgonjwa anaumwa nini?" Wengine wakaona heri kukaa na maradhi yao kuliko kuja kujibu. Basi twapendekeza kwamba tangu sasa iletwe barua ya hospitali yenye kutaja gharama tu, na isomwe na Katibu na Mweka Hazina, basi.

La pili ni kuarifu. Yako maradhi ambayo sheria yataka wakuu wa afya waarifiwe, kama kipindupindu na kifua kikuu. Muuguzi apelekaye habari hizo ofisini hakuvunja amana; amezifikisha mahali pake. Lakini kuarifu si kutangaza sokoni, wala si kuadhibu. Mwaka 2010 huko Kapsabet wagonjwa wa kifua kikuu walitiwa gerezani kwa kuacha dawa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwafunga vile kulikuwa kinyume cha Katiba.

Na liko jambo zito zaidi kwetu sisi watu wa Pwani. Katika Kwale na Kilifi wameuawa wazee kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi kilichotakiwa ni shamba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima pasipo kudhulumiwa. Muuguzi akikuta alama za kipigo mwilini mwa mzee, au akimwona ananyimwa chakula, au akisikia ametishwa, kunyamaza kwake si kutunza siri ya mgonjwa. Ni kutunza siri ya mdhalimu. Kwanza azungumze na mzee faraghani, ajue mwenyewe ataka nini. Kisha amweleze mkubwa wake wa kazi. Na uhai ukiwa hatarini, asikawie kufika kwa chifu na polisi.

Wazee wetu, muuguzi akileta habari ya namna hiyo, tusimjibu kwamba mambo ya nyumba humalizwa nyumbani. Aliyelala kitandani hana miguu ya kuja barazani. Miguu yake ni muuguzi huyo. Nasi tukijaliwa umri mrefu, kitanda hicho kitakuwa chetu. Siku hiyo tutapenda aingie mtu ambaye hatatutangaza kwa maradhi yetu, wala hatatuacha mikononi mwa mwenye kutudhulumu.