Mkimbiaji wa Chuo: Mwanafunzi au Mfanyakazi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Maungu)



Mzee mmoja aliniuliza hapa barabarani: kijana wetu akichukuliwa na chuo cha Marekani kwa sababu ya mbio, akalipiwa karo, chakula na kitanda, je, ni mwanafunzi au mfanyakazi? Swali hilo ni letu pia.

Mwaka 1978 Henry Rono, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Jina la chuo likavuma. Mshahara hakupewa, maana kanuni za siku zile zilitaka mwanamichezo wa ridhaa.

Machi 2024 wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walipiga kura: 13 wakataka chama cha wafanyakazi, 2 wakakataa. Chuo hakikukubali kupatana nao, na Desemba ombi likaondolewa kabla ya uamuzi wa mwisho. Juni 2025 mahakama iliruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, lakini kama ni wafanyakazi au sivyo, hilo halikuamuliwa.

Wako wasemao karo yatosha. Ndugu zangu, wazee wetu katika mashamba ya mkonge walipewa posho na nyumba. Je, kwa hiyo hawakuwa wafanyakazi? Posho ilikuwa sehemu ya ujira. Wengine husema anajifunza tu. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 humhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Basi tuulize: nani ampangiaye saa zake? Nani apokeaye fedha za kiingilio? Nani awezaye kumwondoa?

Lakini tuangalie pia hatari. Kijana wa kigeni ana visa ya mwanafunzi, nayo humwekea mipaka ya kufanya kazi. Jina la mfanyakazi lisije likamfukuzisha. Haki hiyo idaiwe pamoja na ulinzi wake.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kutia sahihi uliza: mtoto akivunjika mguu, nani atamlipa daktari? Masomo yataendelea? Jibu liandikwe.

Nasi hapa Maungu tusiwacheke Wamarekani. Kijana apandaye lori kama utingo, akaambiwa "unajifunza", akalipwa sahani ya chakula, yeye ni nani? Tumwandikishe chamani.

Umoja ni nguvu.