Mbegu ya Muhogo ni Kazi ya Vizazi



Muhogo umezoeleka kuitwa zao la njaa, na jina hilo limeupunguzia heshima. Wakati wa ukoloni mkulima wa Tanganyika alilazimishwa kwa amri kuupanda, ili mvua ikikosekana asiwe mzigo kwa Serikali. Lakini mkulima huyo alipochukua pingili kwa jirani na kuzichomeka shambani, mara nyingi alipanda pamoja nazo ugonjwa asioujua. Majani yalitoka na mabaka ya manjano, yakajikunja na kudumaa, na mizizi ikawa myembamba. Ni rahisi sana kumwambia mkulima wa namna hiyo kwamba ardhi yake imechoka au kwamba yeye ni mvivu. Kumbe kosa si lake, wala si la ardhi.

Ugonjwa huo ni batobato. Mtaalamu wa Kijerumani, Otto Warburg, aliandika habari zake mwaka 1894 ulipoonekana Usambara. Chanzo chake ni virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa darubini ya kawaida ya shule. Huenea kwa njia mbili. Ya kwanza ni nzi weupe, wanaofyonza utomvu wa jani lenye ugonjwa na kuhamia jani zima. Ya pili ni pingili zenyewe. Hiyo ya pili ni ya kusikitisha zaidi, kwa sababu anayeueneza ugonjwa ni mkulima mwenyewe, tena kwa wema, anapomgawia ndugu yake mbegu. Hakuna dawa ya kunyunyiza ambayo huuponya mmea ukishaambukizwa. Basi kinga ilibidi itafutwe ndani ya mmea.

Kazi hiyo ilifanyika hapa hapa nchini, katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikawa chini ya Waingereza. Katika miaka ya 1930, wataalamu H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikusanya na kujaribu aina nyingi za muhogo. Zilizostahimili zilikuwa chache, na ustahimilivu wao haukutosha. Wakageukia jamaa za muhogo, na hasa mpira wa Ceara, mti wa asili ya Brazil ulioletwa na Wajerumani kwa ajili ya mashamba ya mpira. Mti ulioletwa kumtajirisha tajiri ukawa na kitu cha kumfaa mkulima mdogo: haukushindwa kwa urahisi na virusi.

Lakini mti huo hauliwi. Mizizi yake haina wanga wa maana. Wataalamu walichukua chavua ya mmea mmoja na kuipaka kwa mkono kwenye ua jike la mwingine, wakilifunika ua ili wadudu wasiharibu kazi. Kila tunda la muhogo huwa na mbegu zisizozidi tatu, na kila mbegu huota mmea wenye tabia zake. Watoto wa kwanza walirithi ustahimilivu, lakini pia walirithi mizizi mibaya. Ikabidi warudishwe kwa muhogo wa kulimwa, mara ya pili na ya tatu, na kila mara wadhaifu kutupwa. Baadaye D. L. Jennings alichanganya wenyewe kwa wenyewe wazao wa kazi hiyo, akapata mimea yenye nguvu kuliko wazazi wake. Mwaka 1957 mpango huo ulikoma. Ulikuwa umechukua takriban miaka 20.

Mtu wa haraka angeweza kuuliza: miaka 20 yote hiyo, faida iko wapi? Jibu lilitoka mbali. Katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, na kutokana nazo ukachaguliwa mmea uliopewa namba 58308. Kuanzia mwaka 1971, S. K. Hahn na wenzake katika taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, Ibadan, waliutumia mmea huo kuzalisha aina mpya zilizotoa mazao mengi na kustahimili batobato. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilipozuka Uganda, ikateketeza mashamba na kuleta njaa, aina za ukoo huo zilikuwa miongoni mwa zile zilizorudisha muhogo mashambani. Namba zilizoandikwa daftarini Amani ziligeuka chakula cha watu ambao hawajapata kulisikia jina la Amani.

Hata hivyo, vita haijakwisha. Upo ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao Storey aliueleza mwaka 1936. Huu ni mnafiki. Majani yanaweza kuonekana ya kuridhisha, lakini siku ya kuvuna mkulima hukata muhogo akakuta ndani umeoza na kukauka kama gamba. Kwa muda mrefu ulijulikana zaidi kwenye ukanda wa pwani. Tangu mwaka 2004 umeonekana ukienea nyanda za juu za Uganda na kwingineko. Mmea unaoshinda batobato unaweza kuanguka mbele ya michirizi. Mbegu bora ya jana si lazima iwe mbegu bora ya kesho.

Katika mikoa ya kusini wakulima wameitunza aina waiitayo Namikonga, ambayo huuhimili ugonjwa huo wa pili. Vipimo vya kisayansi vimeonyesha kwamba ni aina ile ile iitwayo Kaleso katika pwani ya Kenya, nayo inahesabiwa kuwa mzao wa Amani. Mpango ulifungwa, wataalamu wakaondoka, lakini mkulima hakuitupa mbegu. Aliipa jina lake mwenyewe na kuirithisha. Leo wataalamu wanarudi kwake kuichukua waizalishe upya.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikitaja kilimo kuwa msingi wa maendeleo, na mwaka 1972 huko Iringa ikatamkwa kwamba siasa ni kilimo. Maneno hayo yana deni. Mtumishi wa umma anayepanga bajeti hana budi kukumbuka kwamba utafiti wa mbegu hauvunwi katika mwaka mmoja wa fedha, na kwamba kuukata katikati ni kung'oa muhogo ambao haujakomaa. Na mbegu bora inayobaki kituoni haijamfaa mtu.

Mwalimu naye ana shamba la shule. Shamba hilo likipandwa pingili safi zilizothibitishwa, mimea yenye dalili iking'olewa mapema, na wanafunzi wakifundishwa kuyasoma majani na kukata mizizi kuikagua, shule itakuwa ghala la mbegu la kijiji. Shamba hilo likipandwa pingili za kuokota, shule itagawa ugonjwa, tena kwa jina la elimu. Mzazi atakayepokea pingili kutoka mkononi mwa mwanawe hataziuliza zimetoka wapi. Ataziamini. Imani hiyo ndiyo inayopaswa kulindwa.